Ndia na Njia: Historia ya Lugha Tunazoimbia



Kurasa zilizotangulia zimewaeleza jinsi kwaya yetu ilivyoanza, walimu waliotufundisha, sare tulizovaa na safari tulizokwenda katika miaka hii 50. Kamati ya jubilei imetuomba sisi wanne tuongeze jambo moja lisilopatikana katika daftari la mahudhurio, nalo ni historia ya lugha zetu. Wageni wanaotutembelea hapa Kisauni hutuuliza, "Ninyi ni watu wa wapi?" Tukijibu kwamba sisi ni watu wa Freretown, huuliza tena, "Sawa, lakini kwenu hasa ni wapi? Huko kwenu mwasema lugha gani?" Tumeulizwa hivyo sokoni na shuleni. Tumeulizwa na karani aliyekuwa akijaza fomu ya kitambulisho, kalamu yake ikasimama mahali palipoandikwa kabila. Leo tunajaribu kujibu, na tunajibu zaidi kwa ajili ya watoto wetu kuliko kwa ajili ya wageni.

WALIVYOFIKA

Mababu zetu hawakuhamia Mombasa kwa kupenda. Wengi wao walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na watu wengine wa nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa. Walikamatwa, wakatembezwa kwa miguu mpaka pwani, wengi kupitia Kilwa, kisha wakapakiwa majahazini kama mizigo. Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Zanzibar kudai biashara hiyo ikomeshwe, na mwaka 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Hata hivyo majahazi yaliendelea kusafiri kwa siri, nazo manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata na kuwatoa watu waliokuwamo.

Likabaki swali la mahali pa kuwapeleka. Kuwarudisha makwao kulikuwa sawa na kuwarudisha mikononi mwa waliowakamata. Ndipo mwaka 1875 Kasisi William Salter Price wa misheni ya CMS akaanzisha kijiji upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kikaitwa Frere Town. Kengele ikatundikwa ili kuwaonya wakazi wakati wa hatari. Leo kondakta wa matatu anapoita "Kengeleni! Kengeleni!" ni kengele hiyo anayoitaja, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Wengine walifika kwa njia ndefu zaidi. Waliokolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa Bombay, wakalelewa na misheni huko Nasik. Walijifunza useremala na uhunzi, wakajifunza Kiingereza na lugha za Kihindi. Katika miaka ya 1860 watatu kati yao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walikuja kufanya kazi Rabai, ambako Krapf na Rebmann walikuwa wamefungua misheni mwaka 1846. Frere Town ilipoanzishwa wenzao wengi walifuata, wakaitwa Waafrika wa Bombay. Jones na Semler walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, wakawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuhudumu madhabahuni katika nchi hii.

NYUMBA MOJA, LUGHA TANO

Hebu msomaji aifikirie nyumba moja ya Frere Town katika miaka hiyo. Mume ni Myao aliyekulia Nasik, na Kiyao chake ni cha mtoto wa miaka saba. Mke ni Mmakua aliyeshushwa jahazini. Jirani wa kulia ni Mnyasa. Shuleni mwalimu afundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Nje ya kijiji kuna Waswahili wa Mvita upande mmoja na Wamijikenda upande wa pili. Mtoto anayezaliwa katika nyumba hiyo atasema lugha gani?

Alisema Kiswahili. Ndiyo lugha pekee ambayo baba, mama, jirani na mwalimu wote waliielewa. Mababu zetu hawakukaa kikao wakaamua kuziacha lugha zao. Kila mmoja alikosa mtu wa kusema naye. Baba alikuwa na maneno yake, mama yake, na palipohitajika chumvi au maji mezani waliyaomba kwa lugha iliyowaunganisha. Kizazi cha kwanza kiliota ndoto kwa Kiyao na Kimakua. Kizazi cha pili kilielewa kidogo, kikaona haya kujibu. Kizazi cha tatu kikabaki na vipande tu.

Majina nayo yalikwenda hivyohivyo. Wengi wenu mmesikia habari za Matthew Wellington, mmoja wa vijana wa Nasik waliokuwamo katika msafara uliobeba maiti ya David Livingstone mpaka pwani. Aliishi Mombasa miaka mingi, akafariki mwaka 1935. Huyo alikuwa Myao, na jina alilopewa na wazazi wake ni Chengwimbe. Ni wangapi kati yetu tunaolijua jina hilo la pili? Katika jamaa zetu wenyewe tuna akina John, Grace na Timothy wanaorudi nyuma vizazi vitano, na hapo mlango hufungwa. Nyuma yake kuna mtu aliyekuwa na jina, na jina hilo halikuandikwa.

KISWAHILI KIKAWA CHETU

Hatuandiki haya kwa kulalamika. Watu wale waliopoteza lugha walipewa nyingine, nao hawakuitumia kama nguo ya kuazima. Kiswahili walichokikuta ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na kanisa la hapa likakitumia pia. Kasisi W. E. Taylor, aliyefika Mombasa mwaka 1880, alikipenda sana Kimvita, akakusanya mithali za wenyeji na kuzichapisha mwaka 1891. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Mombasa ilikamilika mwaka 1914, na ikasomwa mpaka tafsiri ya Kiswahili cha pamoja ilipotoka mwaka 1952. Ndiyo maana nyanya zetu walikua wakisali kwa "nti" pale tunaposema "nchi," na "ndia" pale tunaposema "njia." Njoo kwao ilikuwa "ndoo," na macho yalikuwa "mato."

Mwaka 1934 mwana wa Frere Town, James Mbotela, alitoa kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, akieleza jinsi watu wetu walivyokamatwa, walivyookolewa na walivyoishi hapa. Historia ya safari kutoka Nyasa ilisimuliwa kwa Kiswahili, na ilisomwa na watoto wa shule katika Afrika Mashariki yote. Kutoka katika ukoo huohuo akatokea marehemu Leonard Mambo Mbotela, ambaye kwa miaka mingi aliwauliza Wakenya redioni kama jambo fulani ni ungwana au si ungwana. Nchi nzima ilijifunza Kiswahili cha adabu kutoka kwa mjukuu wa watu walioshushwa hapa bila lugha moja ya pamoja.

Basi tukiulizwa lugha yetu ni ipi, jibu la kwanza ni Kiswahili. Tumekilipia.

WIMBO USIOELEWEKA

Lakini lipo jibu la pili. Mmoja wetu alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa na wimbo wa kubembeleza mtoto. Aliupata kwa mama yake, naye mama yake aliupata kwa mama yake. Hakuna aliyejua maana ya maneno. Tulidhani ni sauti tu za kumtuliza mtoto, kama vile mtu asemavyo "oo, oo." Kwaya ilipotembelewa na waimbaji kutoka Malawi, tulikaa nao jioni tukinywa chai, na mwenzetu akaimba wimbo ule kwa mzaha tu, akitembeza sufuria ya maandazi. Mama mmoja mgeni akaweka kikombe chini. Akasema, "Hapo umesema mwanache. Mwanache ni mtoto. Hicho ni Kiyao."

Maneno mengine hakuyatambua. Yalikuwa yamesagika kwa kupita katika vinywa vya watu wasioyaelewa. Lakini hilo moja lilikuwa zima. Kwa zaidi ya miaka 100 neno moja lilipita kutoka kwa mama hadi kwa mwana bila mtu kujua kwamba ni neno. Mwenzetu alilia, nasi tukalia naye. Kiyao hakikufa, kinasemwa na watu wengi huko Malawi, kaskazini mwa Msumbiji, na Tunduru na Masasi kule Tanzania. Kilichokatika ni uzi uliotuunganisha nacho. Na uzi wa mwisho uliobaki ulikuwa wimbo.

WALIOHIFADHI, WALIHIFADHIJE?

Baada ya jioni ile tulianza kujiuliza kama ilikuwa lazima tupoteze. Yako makabila mengine yaliyong'olewa kwao yakabaki na lugha. Wazigua ni mfano mmoja. Katika karne hiyohiyo ya 19 wengi walichukuliwa kutoka nchi ya Tanga wakapelekwa Somalia kufanya kazi ya utumwa mashambani. Wakatoroka, wakaingia misitu ya kando ya Mto Juba, wakajenga vijiji vyao. Humo walilima pamoja na kuoana, na Kizigua kikabaki lugha ya shambani na ya nyumbani. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia kambi za Dadaab hapa Kenya na baadaye wakapelekwa Marekani. Wengine walikwenda mpaka Handeni, nchi ya mababu zao, wakapewa makao mahali paitwapo Chogo. Walipofika, baada ya vizazi vyote hivyo, waliweza kuzungumza na wenyeji kwa lugha ya wenyeji.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika Kaunti ya Kiambu wako Washona. Wazee wao walikuja Kenya kutoka Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, wakihubiri injili, karibu na wakati tuliopata uhuru. Kwa miaka mingi watoto wao waliozaliwa hapa hawakuwa raia wa nchi yoyote, mpaka siku ya Jamhuri mwaka 2020 Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba watatambuliwa. Watoto hao wanajua Kiswahili, wengi wanajua na Kikuyu. Lakini Kishona hawakukiacha, kwa maana ndicho walichosema nyumbani na ndicho walichoabudia.

Tukilinganisha, tunaona kwamba mababu zetu hawakuwa wavivu kuliko Wazigua wala hawakuipenda asili yao kwa uchache kuliko Washona. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na mahali ambapo lugha yao ilihitajika kila siku au kila wiki. Sisi hatukuwa napo. Mtu humwambia mtoto "usisahau lugha yako" mara mia, lakini mtoto asipokuwa na mahali pa kuitumia atasahau tu. Akiwa na mahali hapo, hata pakiwa padogo kama ibada ya saa mbili, atakumbuka.

KOSA LETU

Sasa tunafika penye jambo ambalo wengine walituomba tusiliandike. Tumeona ni heri tuliandike, maana jubilei ni wakati wa kusameheana.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifanya mazoezi ya Pasaka. Katika sauti ya kwanza tulikuwa na bibi yetu mmoja, aliyeimba katika kwaya hii tangu mwanzo. Alipofika penye neno "njia" aliimba "ndia," kama alivyofundishwa na mama yake. Kijana aliyekuwa akituongoza, mwenye vipawa na nia njema, alisimamisha wimbo. Akasema, "Bibi, si ndia, ni njia." Vijana wakacheka kidogo. Tukarudia. Bibi akaimba tena "ndia," na kijana akasimamisha tena. Mara ya tatu bibi aliinamisha kichwa, akafunga kitabu chake. Jumapili iliyofuata hakuja mazoezini. Tulipouliza, alisema miguu inamuuma. Tukaamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini. Hakuimba nasi kwa karibu mwaka mzima.

Aliyetufumbua macho ni mjukuu wake wa kike, aliyekuwa kidato cha pili. Alituambia kwamba bibi huimba nyumbani kila jioni akichambua mchicha, na huimba "ndia" bila kusitasita. Mtoto yule akatuuliza, "Kwani ndia ni makosa? Mbona katika Biblia yake ya zamani imeandikwa hivyo?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesikitika juu ya Kiyao kilichopotea kabla hatujazaliwa, na papo hapo tulikuwa tukiipoteza Kimvita mbele ya macho yetu, kwa njia ileile: mtu akiona haya, ananyamaza, akinyamaza, watoto hawasikii, wasiposikia, imekwisha. Safari hii hapakuwa na jahazi wala mkamataji. Tuliokuwapo ni sisi, na vitabu vyetu vya nyimbo mikononi.

Tulikwenda nyumbani kwake, wote waliokuwapo siku ile, pamoja na yule kijana. Alitupokea, akatupikia mahamri, na hakulitaja jambo lile mpaka tulipolitaja wenyewe. Kijana akapiga magoti akaomba radhi. Bibi akamwambia, "Inuka, mwanangu. Wewe wafundisha sauti, nami nafundisha maneno. Kila mtu na kazi yake." Tangu siku hiyo kwaya yetu ina walimu wawili.

TULIYOYAFANYA NA TUNAYOOMBA

Baada ya hapo tulikubaliana mambo machache, nayo tunayaeleza ili makanisa mengine yaliyoalikwa leo yachukue yatakayowafaa.

Kwanza, Jumamosi moja kila mwezi watoto wa shule ya Jumapili huketi na wazee. Hakuna mahubiri wala mtihani. Wazee huimba, watoto huuliza maneno, na vijana hurekodi kwa simu. Mtoto aliyezoea Sheng wiki nzima anagundua kwamba bibi yake pia ana maneno yasiyojulikana na mwalimu wa shule, na humheshimu kwa hilo.

Pili, tumeanza daftari. Kila jamaa huandika majina ya waliotangulia kwa kadiri inavyoweza, pamoja na lolote linalokumbukwa: kabila likijulikana, neno moja, jina la chakula, wimbo hata kama hauna maana. Kurasa nyingine zina mstari mmoja tu, na hata huo tunautunza. Neno "mwanache" limeandikwa ukurasa wa kwanza.

Tatu, hatusahihishi tena matamshi ya wazee katika nyimbo za zamani. Nyimbo mpya tunaziimba kwa Kiswahili sanifu, nyimbo za Kiingereza tunaziimba pia, na ndugu zetu Wagiriama, Wakamba, Wataita na Waluo waliojiunga na kwaya hii wametufundisha nyimbo za kwao. Wao nao wana watoto waliozaliwa Mombasa, na hofu yetu ndiyo hofu yao. Mama mmoja Mkamba alituambia kwamba mwanawe hukataa kumjibu Kikamba nyumbani, lakini kanisani huimba Kikamba kwa sauti kuu. Tulimwambia asikate tamaa. Lugha ikiwa bado iko kinywani, hata kwa wimbo tu, bado iko.

Ombi letu kwa wazazi ni moja. Msiwaachie kwaya kazi yote. Sisi tuna saa mbili kwa wiki. Ninyi mna kila jioni. Semeni na watoto kwa lugha mliyo nayo, na wakijibu kwa nyingine msiwacheke, endeleeni kusema. Na ninyi vijana, mwulizeni babu neno moja kabla hajaondoka. Tungependa sana tungekuwa tumeuliza mapema zaidi.

Katika Zaburi wako watu waliochukuliwa mateka, wakauliza wataimbaje katika nchi ya ugeni, wakatundika vinubi vyao juu ya miti. Mababu zetu walikuwa na haki ya kutundika vyao pia. Hawakutundika. Waliimba kwa lugha waliyoikuta, na katikati yake wakaficha neno moja la kwao, likatufikia.

Leo baada ya mahubiri, watoto watasimama mbele kuimba wimbo wa nne katika ratiba. Ataanzisha bibi yetu wa sauti ya kwanza, akiwa ameketi, kwa maana safari hii miguu inamuuma kweli. Watakapofika ubeti wa pili mtasikia neno "ndia." Tafadhali msidhani wamekosea. Wamefundishwa hivyo, na tunaomba waimbe hivyo pia katika jubilei ya miaka 100.